Rigoletto Nyuma ya Kaunta

Mwaka 1982 mwongozaji Jonathan Miller aliichukua Rigoletto, opera ya Giuseppe Verdi, akaihamishia New York ya miaka ya 1950, katika mtaa wa Waitalia wa Little Italy. Muziki aliuacha vilevile. Duke wa Mantua, mtawala wa mji wa Italia, akawa mkuu wa genge ambaye vijana wake wamempa jina la Duke. Waheshimiwa wa ikulu wakawa hao vijana wenyewe, wamevaa suti na nywele wamezilaza kwa mafuta. Mchekeshaji wa ikulu, Rigoletto mwenyewe, yule kibyongo ambaye kazi yake ni kumfurahisha bwana kwa kuwadhalilisha wengine, akawa mhudumu wa baa.

Uhamisho huo umedumu. English National Opera, kampuni ya opera ya London iliyomwajiri Miller, wameurudisha jukwaani mara nyingi tangu hapo, na mimi niliuona London, kwenye ukumbi wa Coliseum, vuli ya 2024. Nilikwenda na mama yangu mdogo, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Ni mwalimu mstaafu, na kwa muziki ni mtu wa taarabu tangu enzi za Black Star na Lucky Star. Opera alikuwa hajapata kuiona. Nilimchagulia hii makusudi, kwa sababu ndani yake kuna laana ya mzazi, na nilijua hapo hatahitaji kuelezwa na mtu.

Kwa asiyeijua, hadithi ni hii. Rigoletto ana binti mmoja tu, Gilda, amemficha nyumbani asionwe na mtu. Kazini humsaidia bwana wake kuwaharibu mabinti wa wenzake; akitoka kazini hurudi kumlinda wa kwake. Mzee Monterone anaingia karamuni kulilia heshima ya binti yake aliyeharibiwa na Duke, na Rigoletto anamwigiza mbele ya watu wote wapate kucheka. Mzee anawalaani wote wawili. Wakati huo Duke ameshamwona Gilda kanisani. Anajifanya mwanafunzi fukara na kumteka moyo. Vijana wa Duke wanamwiba usiku na kumpelekea. Baba anakodi muuaji, Sparafucile, amwondoe Duke. Anayekufa ni Gilda, tena kwa kujitolea mwenyewe, na baba anakabidhiwa gunia akiamini mwili uliomo ni wa adui yake.

Monterone alipoinua mkono na kulaani, mama mdogo alikaa sawa kitini.

“Huyo keshamaliza kazi,” aliniambia kwa sauti ya chini. “Kilichobaki ni kungoja.”

Hakukosea. Verdi mwenyewe alikusudia kuiita opera hii La maledizione, yaani Laana, na muziki wa laana hiyo ndio unaoanza kabla pazia halijafunguka: tarumbeta na tromboni zinarudia noti ileile moja, nzito, kama watu wanaokuja mlangoni na habari mbaya. Rigoletto anaibeba noti hiyo hadi barabarani, akijiambia peke yake kwamba mzee yule amemlaani. Sisi tuliokulia mahali ambapo mtu mzima bado huvuka bahari kwenda kuomba radhi kwa mzazi kabla hajafa hatuna haja ya kushawishiwa kwamba baba aliyelaaniwa na baba mwenzake anaweza kukosa usingizi.

Wapo wapenzi wa opera wanaochukizwa na opera ya zamani iliyovalishwa suti. Nimeketi nao, nimewasikiliza, na sidhani ni watu wa kupuuzwa. Wanasema: mtunzi aliandika Mantua ya karne ya 16, mwacheni Mantua. Tabu ni kwamba Rigoletto imetoka tumboni ikiwa imeshahamishwa.

Asili yake ni tamthilia ya Victor Hugo, Le roi s'amuse, iliyochezwa Paris Novemba 1832. Anayewaharibu mabinti wa watu humo ni Mfalme Francis wa Kwanza wa Ufaransa, na serikali iliipiga marufuku baada ya usiku mmoja tu. Verdi na mwandishi wake wa maneno, Francesco Maria Piave, waliichukua hadithi hiyo kwa ajili ya jumba la La Fenice, Venice. Venice wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Austria, na watawala hawakutaka kumwona mfalme fasiki jukwaani. Desemba 1850 ikaja amri ya kuikataza. Piave akajaribu kuinusuru kwa kuandika upya hadithi iliyopozwa, yenye mtawala mpole asiye na lolote la kulaumiwa. Verdi akaikataa.

Barua aliyowaandikia wakuu wa jumba mwezi huo ni somo kwa yeyote anayetaka kuihamisha opera popote. Hoja yake ni kwamba huyo Duke lazima awe mwasherati anayefanya atakalo. Bila hivyo, baba ana sababu gani ya kumficha binti yake? Akatetea pia kibyongo, akatetea na gunia, vyote wachunguzi wa serikali walivyotaka viondolewe. Mwisho wa Desemba wakaafikiana: mfalme atakuwa duke wa dola dogo la Italia, Ufaransa iwe Mantua, Triboulet, mchekeshaji wa Hugo, aitwe Rigoletto. Kibyongo kibaki, gunia libaki. Tarehe 11 Machi 1851 ikachezwa kwa mara ya kwanza.

Tazama alichokitoa na alichokishikilia. Nchi aliitoa. Cheo cha mtawala alikitoa, na majina ya watu akayatoa. Alichokataa kukitoa ni woga: mtu mmoja ambaye sheria haimgusi, na baba mmoja mwenye kila sababu ya kufunga mlango. Mimi nimekifanya hicho kuwa kipimo changu. Mwongozaji anaweza kunipeleka mji wowote na mwaka wowote, mradi afike huko na woga ule ukiwa mzima.

Tena miaka miwili baadaye mambo yalikwenda kinyume kabisa. La traviata, iliyofunguliwa La Fenice hiyohiyo mwaka 1853, Verdi aliitaka ichezwe kwa mavazi ya siku zile, watazamaji wajione wenyewe. Wakubwa wakakataa, wakairudisha nyuma hadi miaka ya 1700. Kwa hiyo anayesema opera ya Verdi kuvaa nguo za kisasa ni kumvunjia Verdi heshima, ahesabu kwanza ni nani aliyezitaka nguo hizo.

Little Italy ya Miller inalipita jaribio la woga bila kutetereka. Genge lina mkuu ambaye neno lake ni hukumu. Polisi hawana habari, au wanazo na wamenyamaza. Wanawake wa mtaa wanalindwa na baba na kaka kwa jina la heshima, na heshima hiyohiyo ndiyo wanaume wanayoichezea kwa wanawake wa wenzao. Kanisa lipo, na kwa watu wa kanisa lile laana ni kitu cha kweli. Muuaji wa kukodiwa anajulikana, ana bei, nusu kabla na nusu baada, kama ilivyo katika maneno ya Piave. Nilipokuwa nikitazama sikuona mahali ambapo hadithi imelazimishwa kuingia. Imeingia yenyewe.

Kilichonifungua macho zaidi ni ile kazi ya baa. Katika onyesho la kizamani Rigoletto huvaa nguo za rangirangi na kubeba kijiti cha mchekeshaji. Macho yangu huishia kwenye nguo hizo. Mhudumu wa baa ni mtu ninayemfahamu. Anasikia kila siri kwa sababu hakuna anayemhesabu kuwa yupo. Anaruhusiwa kuwatania wakubwa mradi utani wake uwaangukie wadogo. Akiteleza neno moja, kibarua kimeota nyasi, na pengine yeye pia. Alipokutana na Sparafucile kwenye kichochoro, sello moja na besi vikiimba chini kwa sauti ya kunong'ona, kisha akabaki peke yake na kuimba kwamba wao wawili ni sawa, mwenzake anaua kwa kisu na yeye kwa ulimi, nilimwona mtu aliyetoka zamu usiku, amechoka, anajichukia kwa mkate anaoula.

Coliseum ni jumba kubwa, la viti zaidi ya 2,300, kazi ya msanifu Frank Matcham, lililofunguliwa 1904. Sisi tulikaa juu kabisa, kule kwenye tiketi nafuu, ambako waimbaji wanaonekana wadogo lakini sauti hupanda safi. English National Opera huimba karibu kila kitu kwa Kiingereza. Ndiyo desturi yao. Hata hivyo mama mdogo, aliyefundisha Kiingereza miaka yote ya kazi yake, aliniuliza mapema sana kama ni Kiingereza kweli. Sauti ya soprano, ile nyembamba ya kike, ikipanda juu huyameza maneno, na hilo halina dawa. Kuna maandishi yanayopita juu ya jukwaa, na mwanzoni aliyafuata kwa bidii, shingo juu, maana kwa mtu wa taarabu wimbo usioupata maneno yake ni wimbo uliokupita. Kufika sehemu ya pili alikuwa ameshaacha kuyatazama. Rigoletto alikuwa akiwalilia wale vijana wa Duke wamfungulie mlango, amchukue mwanawe. Kwanza anawatukana, kisha sauti inavunjika, anawaomba. Hapo maandishi ya nini?

Sehemu ya tatu ndiyo inayosimuliwa na kila aliyeliona onyesho hili. Baa kando ya mto, taa kali ndani, giza nje, imejengwa ikafanana na ule mchoro wa Edward Hopper wa 1942 wa watu wachache walioketi usiku wa manane kwenye mgahawa wa vioo. Duke anaingia. Kwenye kona kuna ile mashine ya santuri ya kutumbukiza sarafu. Anatumbukiza. Okestra inaanza ule wimbo ambao hata asiyejua chochote cha opera anaujua, “La donna è mobile”, unaosema mwanamke ni kigeugeu kama unyoya katika upepo. Utangulizi unapiga kidogo, halafu kimya. Mashine imekwama. Duke anaipiga, muziki unaanza tena, naye anaimba.

Ukumbi mzima ulicheka, na mimi pia. Lakini ukimya ule Miller hakuubuni. Umo kwenye karatasi za Verdi tangu 1851: okestra inatangulia, inakatika, kisha inaanza upya pamoja na mwimbaji. Kwa zaidi ya miaka mia moja ilikuwa nafasi tu, pumzi. Mtu mmoja akausikia ukimya huo, akajiuliza ni kitu gani ulimwenguni kinachofanya hivyo, akakipata. Huo kwangu ndio uongozaji: kuusikiliza muziki hadi ukuonyeshe cha kufanya.

Na mashine ile haiishii kwenye kicheko. Wimbo wenyewe ni rahisi kupita nyimbo zote zilizomo katika opera, rahisi kwa makusudi, wa kukaa mdomoni mwa mpita njia. Husimuliwa kwamba Verdi alimnyima tenori, mwimbaji wa nafasi ya Duke, wimbo huo hadi siku za mwisho za mazoezi, kwa kuogopa Venice nzima isije ikaanza kuupiga mluzi kabla ya ufunguzi. Ukitoka kwenye mashine ya sarafu, wepesi wake unaeleweka papo hapo: Duke hakuutunga, hausikii moyoni, ni wimbo unaovuma tu, naye anaimba wanavyoimba wote. Wanawake kwake ndivyo walivyo, vitu vya kuvuma na kupita.

Kisha ukumbuke wimbo huo unaporudi. Rigoletto yuko kando ya mto na gunia lake. Amelipa, amekabidhiwa, anataka kulitupa majini, anajivuna kwamba leo yeye kibyongo ndiye mkubwa. Kutoka mbali inasikika sauti ya Duke, yu hai, anaimba wimbo uleule mwepesi. Hakuna aliyemwambia Rigoletto kitu. Hakuna barua, hakuna shahidi. Ni wimbo tu, na kwa wimbo huo anatambua kwamba aliyemo ndani ya gunia ni mtu mwingine. Sijui tendo lolote la jukwaani lililo katili kuliko hilo, na ukatili wake wote unatokana na wepesi wa ule wimbo. Mama mdogo alinishika mkono hapo, akaung'ang'ania.

Si kila kitu kimehama salama. Katika opera Monterone anapitishwa chini ya ulinzi akipelekwa gerezani. Ikulu ina gereza. Genge halina, na kwa dakika chache jukwaa linakuwa Mantua iliyovaa suti. Kuna na jambo zito zaidi. English National Opera walipolipeleka onyesho hili New York mwaka 1984, Wamarekani wenye asili ya Italia walilalamika kwamba wanachorwa tena kuwa taifa la wahalifu. Nadhani walikuwa na haki ya kusema. Mantua ya karne ya 16 haina mtu aliyebaki wa kuumia. Mtaa wa miaka ya 1950 una watoto na wajukuu, wana majina na nyuso. Anayeileta hadithi karibu na watu walio hai anachukua deni ambalo waliomwacha Duke na joho lake hawakulichukua. Mimi naliona onyesho la Miller limelilipa kwa sehemu kubwa, kwa sababu Gilda na baba yake ni Waitalia vilevile, na wao ndio tunaowalilia.

Deni hilo nililiona likikosa kulipwa mahali pengine. Metropolitan Opera ya New York nayo iliihamisha Rigoletto, Januari 2013, chini ya mwongozaji Michael Mayer, safari hii Las Vegas ya miaka ya 1960, kwenye kasino, taa za neoni kila upande. Nimeitazama kwenye video. Waimbaji ni wa daraja la juu: Željko Lučić, Diana Damrau, Piotr Beczała. Gilda anakufa ndani ya buti la gari la Cadillac badala ya gunia, na wazo hilo ni zuri, linauma. Lakini Duke wa huko ni nyota wa muziki anayependwa na kila mtu, na sikupata kumwogopa. Baba wa Las Vegas angeweza kumpakia mwanawe garini usiku na kuondoka. Kwa nini haondoki? Swali hilo halikunijia hata mara moja nilipokuwa Coliseum.

Halafu Monterone wa huko wamemfanya sheikh wa Kiarabu tajiri. Hapo niliisimamisha video nikakaa kimya kwa muda. Mimi ni mtu wa pwani. Kanzu kwetu ni vazi la swala, la harusi na la kuzikia. Najua walikuwa wanatafuta mtu ambaye laana yake itaaminika katikati ya kasino, na wakaona wamtafute mbali, kwa mgeni wa kutisha kutoka Mashariki. Kwa kufanya hivyo laana ikamtoka baba ikaingia kwenye vazi. Verdi aliiweka katika kinywa cha baba aliyeharibiwa mwanawe, ili impate baba mwingine ambaye naye ana binti. Hiyo ndiyo mashine nzima ya opera hii. Ukimfanya Monterone kuwa kioja cha kigeni, Rigoletto hawezi kujiona ndani yake, na asipojiona, anaogopa nini?

Njiani kurudi nyumbani hatukubishana juu ya suti wala baa. Tulibishana juu ya Gilda, na nadhani hilo linasema mengi kuhusu kazi ya Miller. Gilda amemsikia Duke kwa masikio yake akimbembeleza mwanamke mwingine, Maddalena, dada yake muuaji. Amewasikia ndugu hao wakipatana: akitokea mgeni yeyote kabla ya saa sita usiku, atauawa yeye badala ya Duke. Anajua kila kitu, na bado anabisha hodi katikati ya radi, wanaume nyuma ya jukwaa wakiguna bila maneno hadi sauti yao inakuwa upepo. Akiwa na gauni la karne ya 16 nimewahi kumpokea kama mtakatifu wa kwenye dirisha la kanisa, bila kuuliza. Akiwa na koti la mtu wa mjini nilitaka anieleze. Msichana mwenye akili zake, kwa nini anakufa kwa ajili ya mwanamume yule?

Nilimwambia mama mdogo kwamba kwangu Gilda anachagua, na kuchagua huko ndiko kitu chake cha kwanza maishani. Amefungiwa na baba, ameibwa na vijana, amechukuliwa na Duke. Mlango wa ile baa ndio mlango pekee alioufungua kwa mkono wake.

“Mwanangu, unampamba,” alinijibu. “Yule mtoto hajafundishwa dunia. Umeona mwanzoni anavyomwuliza baba yake jina lake nani, na baba hataki kusema? Mama yake ni nani, ukoo wao ni upi, hataki kusema. Binti wa namna hiyo akija mwanamume akamtajia jina, hata la uongo, si atalishika?”

Nilinyamaza, maana alikuwa amegusa kitu ambacho kimo kwenye muziki wazi kabisa nami nilikuwa sijakiunganisha hivyo. Duke anamdanganya Gilda kwamba anaitwa Gualtier Maldè. Akiondoka, Gilda anabaki peke yake na kuimba wimbo wake mkubwa, “Caro nome”, na anachokiimbia ni jina hilo tu, jina la kwanza aliloaminiwa na mtu, analirudia na kulipamba kwa sauti za juu nyembamba. Baba aliyemnyima lake angali hai, anampenda kuliko kitu chochote, na yuko umbali wa mtaa mmoja.

Mama mdogo anashikilia kwamba kosa la Rigoletto lilianzia hapo nyumbani, na laana ya Monterone ilikuta mlango umeshaachwa wazi. Mimi nashikilia kwamba lilianza siku alipomcheka baba mwenzake. Tumebishana tena kwenye simu tangu arudi Tanga. Amenitaka nimtafutie Rigoletto iliyoimbwa kwa Kiitaliano, ya mavazi ya zamani, apate kuona kama huko baba anamjibu binti yake swali lile kwa uso gani, na nimemtumia. Nangoja aimalize.